Ratili Nne za Bawaba

Mume wangu alikuja kufanya kazi kwa baba yangu akiwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvunja mabafu. Yalikuwa mabafu ya zamani ya kuogea, ya chuma kizito, yenye miguu minne kama ya mnyama. Mahoteli yalikuwa yanayatupa ili yaweke mapya, na baba yangu, aliyekuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyanunua kwa jumla. Bafu zima halikuingia kwenye lori kwa hesabu nzuri. Lilipaswa kupondwa kwanza, kwa nyundo kubwa, kipande kwa kipande.

Tumemzika wiki sita zilizopita. Kanisani wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne: alizaliwa, alibatizwa, alikuwa bondia wa ngumi za kulipwa kwa miaka kumi na minne, alioa, akawa mzee wa kanisa, ameacha watoto watano. Yote ni kweli. Lakini wajukuu wananiuliza alianzaje, kwa sababu wao walimjua mtu wa kupanga viti na kufunga madirisha ya kanisa, na hawaamini kwamba mikono ile ilipiga watu. Basi naandika mwanzo wake, kama nilivyouona mwenyewe, na pale ambapo sikuwepo nitasema nani aliniambia.

Uwanja wa baba ulikuwa na lango la mabati, na ndani yake chungu tatu: ya chuma, ya shaba na ya risasi. Nyuma kulikuwa na tanuru dogo la kuyeyushia risasi, na karibu na lango, chini ya kipaa, ilisimama mizani. Ilikuwa mizani ya jukwaa, yenye mkono mrefu uliochorwa namba, na jiwe la chuma linalosogezwa juu ya mkono huo mpaka ulale sawa. Mtu alileta vyuma vyake, akaviweka jukwaani, mimi nikasogeza jiwe na kusoma kwa sauti. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, mimi nimemaliza kidato cha nne, na baba alisema macho yangu ni mazuri kuliko yake. Nilisoma nilichokiona.

Wiki ya pili ya kijana yule kazini, baba alimwita tanuruni ayeyushe risasi kidogo. Baba alikuwa amelitoboa lile jiwe la mizani kwa chini, tundu la kuingia kidole. Kijana alishika koleo, akamimina, ikapoa. Baadaye baba, akiwa peke yake, alichonga na kupunguza mpaka likawa zito kiasi alichotaka yeye, kisha akalipaka rangi nyeusi. Jiwe likiwa zito kuliko inavyopaswa halihitaji kusogezwa mbali, na chuma cha mwenzako kinasoma pungufu. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Haya niliyajua miaka mitatu baadaye.

Mtaani waliisema mizani yetu, ndiyo. Wanawake wanene waliopita langoni walikuwa wakipanda kwenye mizani kwa utani, wakishuka wanasema, "Hapa ndipo penye daktari wangu." Mimi niliyachukua kuwa maneno ya watu. Kila mnunuzi husemwa.

Mtu wa kwanza kumwona bondia katika yule mvunja mabafu alikuwa kinyozi wa mtaa wetu. Huyu alikuwa mtu wa makamo, amewahi kuwa askari na kupigana ngumi za jeshini, na sikio lake moja lilikuwa limejikunja kama karatasi iliyofinywa mkononi. Alikuja kutafuta chuma cha kiti chake kilichovunjika mguu. Akasimama kumtazama kijana akifanya kazi, na akasahau kiti.

Ukiponda chuma cha bafu, vipande huruka. Asiyezoea hufumba macho, au huruka pembeni na kupoteza nguvu zake. Huyu alikuwa anarudisha kiuno nyuma kidogo tu, kipande kinapita mbele ya uso, naye anarudi palepale na nyundo imeshaanza kushuka. Tena alipiga kumi kwa mkono wa kulia mbele na kumi kwa wa kushoto, bila kutulia katikati.

Kinyozi akamwuliza, "Kijana, nani kakufundisha kukwepa?"

"Kukwepa nini?"

"Nzuri. Njoo kwangu jioni nikufundishe unachokijua."

Kinyozi ndiye aliyempa jina la Bawaba, kwa vile alivyokwenda nyuma na kurudi kama mlango, na mpaka anakufa watu wa rika lake hawakumwita vinginevyo. Hata mimi, nilipokuwa na hasira naye, nilimwita Bawaba.

Mahali pao pa mazoezi palikuwa stoo nyuma ya kibanda cha kinyozi, chumba cha hatua sita kwa tano, chenye kioo kilichopasuka na mfuko mmoja wa kupiga. Mfuko ule ulikuwa turubai lililoshonwa, na ndani hakukuwa na mchanga wala makapi. Kulikuwa na nywele. Kinyozi alifagia nywele za wateja wake kwa miaka minne akazijaza humo, zikashindiliwa mpaka mfuko ukawa mgumu kama mtu. Mume wangu alikuwa akisema hakuna mtu mtaani ambaye yeye hakumpiga, na kwamba mchungaji alipigwa zaidi ya wote, kwa sababu mchungaji alinyolewa kila Jumamosi.

Pambano lake la kwanza lilikuwa la raundi nne, katika ukumbi wa sinema uliotolewa viti vya mbele. Alishindwa kwa pointi na mtu wa buchani. Jumatatu alikuja kazini na jicho moja, baba akamwuliza kama ameangukia bafu. La pili alishinda. La tatu pia, na la nne walitoka sare, na hapo watu wakaanza kuja langoni kwetu kumwangalia akifanya kazi, mpaka baba akalalamika kwamba uwanja umegeuka maonyesho. Alikataa kupigana Jumapili. Promota mmoja alimwambia Mungu hataona, kuna paa. Akamjibu kwamba paa lenyewe lina matundu. Kabla ya kengele alipiga goti moja kwenye kona yake, kwa muda mfupi tu, na kinyozi, ambaye hakuwa mtu wa ibada, alisimama mbele yake na taulo ili asichekwe.

Katika miaka mitatu alipigana mara kumi na nne, akashinda kumi na moja. Kinyozi alikuwa ameamua, kwa kuiamini mizani yetu, kwamba yeye ni bondia wa uzito wa unyoya, yaani asizidi ratili mia na ishirini na sita. Lakini katika mapambano yale madogo hakuna aliyepima kwa dhati. Promota aliwasimamisha wawili ubavu kwa ubavu, akawatazama kama anayechagua mbuzi, akasema wanalingana. Mara moja tu walipimwa kwenye ukumbi wenye mizani, naye akasoma ratili tatu zaidi ya alizosoma kwetu asubuhi. Kinyozi alicheka. Alisema mizani ya watu hawa inapima mpaka dhambi. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Nami sikufikiria. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda, na anayependa hana habari na mizani.

Mwaka aliotimiza miaka ishirini na mbili, chama cha ngumi kilimwandikia barua. Alichaguliwa kupigana raundi kumi na bondia aliyeitwa Fundi Saa, na mshindi kati yao angekutana na bingwa wa taifa wa uzito wa unyoya, kugombea mkanda. Barua ilisema kupima ni saa tano asubuhi ya siku ya pambano, na atakayezidi uzito ataondolewa na kufungiwa mwaka mzima. Kinyozi aliisoma sehemu hiyo mara mbili. Alimwambia kwamba mwaka bila ulingo, kwa kijana asiye na jina, ni sawa na kustaafu. Mimi niliambiwa jambo jingine, tukiwa tunatenganisha shaba na chuma. Bawaba alisema akishinda atazungumza na baba.

Kwa wiki sita alijipima kila asubuhi kwenye mizani yetu kabla ya kazi. Alipanda jukwaani na kaptura, miguu mitupu, akasema, "Dada, nisomee." Mia na ishirini na tisa. Mia na ishirini na nane. Alikuwa anajinyima: mkate mkavu, chai bila sukari, jioni mchuzi bila chochote ndani. Baba alikuwa akitoka mlangoni na kikombe chake, akatutazama, mimi nimeinama kwenye mkono wa mizani na yeye amesimama wima kama askari, kisha akarudi ndani. Kila asubuhi. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kutania mpaka polisi, lakini asubuhi zile hakusema hata neno moja. Nilidhani ameshagundua mambo yetu na hajapendezwa.

Swali ambalo wajukuu wataniuliza ni hili: yeye ndiye aliyemimina risasi ile kwa mkono wake, ilikuwaje asikumbuke? Nilimwuliza mara nyingi katika ndoa yetu, na jibu halikubadilika. "Ile ilikuwa mizani ya vyuma," alisema. "Mimi sikuwa nauzwa."

Jumamosi ya pambano nilisoma mia na ishirini na sita kamili. Kinyozi mwenyewe aliinama akahakikisha. Wakaenda kwa baiskeli mbili, robo saa ya mwendo, mpaka ukumbi wa mikutano ambako chama kilikuwa kimeweka mizani yake. Yaliyotokea huko aliyenisimulia ni kinyozi.

Karani wa chama alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na alikuwa ameliweka jiwe la mizani yake kwenye mia na ishirini na sita na kulikaza hapo. Fundi Saa alipanda, mkono wa mizani ukalala. Bawaba akapanda, mkono ukaruka juu na kukaa huko huko.

"Amezidi," karani akasema.

Kinyozi akacheka, akamwambia ajaribu tena. Mkono ukaruka tena. Kinyozi akaanza kusema mizani imechezewa. Karani, bila kukasirika, alichukua kutoka kwenye kasha mawe ya chuma yenye muhuri wa serikali, akayapanga jukwaani mbele ya watu wote, na mizani ikasema kweli. Hapo kinyozi akamwuliza kwa sauti ya chini amezidi kwa kiasi gani.

"Mimi napima uzito wa unyoya," karani akasema. "Huyu kama ni unyoya atatosha, kama si unyoya atazidi. Zaidi ya hapo si kazi yangu. Anaruhusiwa kurudi mara moja tu, kabla ya saa saba."

Waliingia langoni kwetu baiskeli zikiwa bado zinakwenda. Nilikuwa nafua. Bawaba hakunisalimu. Alivua shati, akapanda kwenye mizani yetu, nami nikasoma kile nilichosoma asubuhi: mia na ishirini na sita kamili.

Kinyozi akasema, "Basi mizani mbili zimegombana, na moja ni mwongo. Na ile nyingine ina muhuri."

Nilimwona Bawaba akitazama lile jiwe jeusi mkononi mwangu. Alilitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeketi mezani na kukumbuka kwamba ameacha moto unawaka nyumbani. Aliinua macho akamtazama baba, aliyekuwa amesimama mlangoni. Kisha akanitazama mimi.

Kinyozi hakuona hayo. Yeye alikuwa anahesabu muda. Alisema wawashe tanuru, wamvalishe magunia, aruke kamba kando ya moto mpaka ratili nane zimwishe, kwa usalama.

"Nane?" Bawaba akasema. "Ukinikausha nane jioni utanipeleka ukumbini ndani ya jeneza."

"Basi nne."

"Na kama ni tano?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wote. Akipunguza kidogo mno, amefungiwa mwaka. Akipunguza mno, hatakuwa na miguu ya raundi kumi. Kinu cha unga chenye mizani kubwa kilikuwa upande wa pili wa mji, na Jumamosi hakifunguliwi. Na uwanjani kwetu hapakuwa na kitu chochote ambacho uzito wake ulijulikana, maana kila kilichokuwamo kilipimwa na mizani hiyohiyo.

Bawaba akashuka jukwaani. Akasema, bila kupaza sauti, "Mzee, inakula kiasi gani?"

Baba akaniambia niende ndani nikaangalie sufuria.

"Mwache abaki," Bawaba akasema. "Yeye ndiye anayesoma."

Sikuwa na sufuria motoni, na baba alilijua hilo. Nilibaki nimesimama na mikono yenye sabuni. Nilikuwa bado sijaelewa, na wakati huohuo nilikuwa nimeelewa kila kitu: wanawake wanene na daktari wao, vikongwe waliokuja na makopo kwenye kitambaa, na mimi nikiwasomea kwa sauti safi ya kwaya. Baba aliweka kikombe chake juu ya kizingiti.

"Tatu," baba akasema. "Tatu kwa kila mia."

Nilichukua kipande cha mkaa nikaandika kwenye bati la ukuta, kwa sababu ilibidi mtu afanye kitu. Tatu kwa mia, kwa mia na ishirini na sita, ni tatu na robo tatu na ushei. Kwa kweli yeye alikuwa karibu ratili mia na thelathini. Mizani yetu ilipaswa kusoma mia na ishirini na mbili ndipo karani aridhike. Nilisema namba hiyo kwa sauti, bila kumtazama baba.

Walimvalisha magunia matatu, wakamfunga kamba kiunoni na shingoni, akaanza kuruka mbele ya tanuru. Aliyekoleza moto alikuwa baba. Hakuna aliyemwambia. Alikoleza kwa mikono yake, shati limelowa, na kila mkaa ulipopungua alikwenda kuchukua mwingine kwa mbio, mtu wa miaka hamsini na nane. Nusu saa ya kwanza Bawaba alipunguza ratili mbili, kisha mwili ukagoma. Jasho likakatika. Kinyozi akamkalisha, akamfunika, akamwambia atafune kipande cha mpira wa baiskeli ateme mate kwenye kopo, na hata hayo mate tuliyahitaji. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na kusema kweli sikujua naomba nini kwanza, uzito wake upungue au aibu yangu.

Saa sita na nusu mkono wa mizani ulitetemeka ukalala kwenye mia na ishirini na mbili. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alipanda nyuma ya baiskeli ya kinyozi kwa sababu yake asingeweza kuiendesha.

Karani hakuwa amesogeza jiwe lake. Mkono uliinuka kidogo, ukafikiri, ukalala. "Huyu ni unyoya," karani akaandika.

Jioni ile nilikwenda ukumbini kwa mara ya kwanza. Baba alikwenda pia, naye ilikuwa mara yake ya kwanza, na tuliketi safu moja, kiti kimoja kitupu kati yetu. Fundi Saa alikuwa mtu mzima kidogo, mtulivu, aliyepiga ngumi chache na kuzipiga kwa wakati wake. Raundi nne za mwanzo hakumpata Bawaba hata kwa dawa. Mlango ulifunguka, ukafungwa, ngumi zikapita hewani, na watu wakawa wanapiga kelele, "Funga mlango, Bawaba!" Raundi ya tano kiuno kilianza kuchelewa. Ya sita nikaona anavyopumua kwa mdomo. Wataalamu walioketi nyuma yetu walisema kijana hana pumzi, hakujiandaa, vijana wa siku hizi ni anasa tu. Baba aliinamisha kichwa.

Raundi ya nane Fundi Saa alimpata na mkono wa kulia, wa kawaida tu, na Bawaba akakaa chini kama mtu aliyechoka anayetafuta kiti. Refa alihesabu. Baba alikuwa amesimama, na nilimsikia akihesabu pamoja na refa, lakini polepole kuliko yeye, kama anayemwombea nyongeza. Kwenye nane Bawaba akanyanyuka. Alimaliza raundi hiyo amejifunika, akamaliza ya tisa, na ya kumi, namshukuru Mungu niliiona, aliishinda. Haikutosha. Mkono wa Fundi Saa ndio ulioinuliwa, kwa pointi mbili.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa choo kilichowekewa benchi. Daktari wa chama alikuwa anamshonea jicho, na alikuwa amemtazama mwili wake, mbavu na mifupa ya mabega, kwa namna ya mtu anayenunua kitu na kugundua si saizi yake.

"Wewe si wa uzito huu," daktari akasema. "Una mifupa ya uzito mwepesi, ngazi ya juu ya hapa. Ungepigana hapo usingehitaji kujinyonga. Nani alikwambia wewe ni unyoya?"

Kinyozi alifungua mdomo. Lakini aliyejibu alikuwa baba, kutoka mlangoni, kofia mkononi.

"Mimi, daktari. Kosa ni langu."

Daktari alidhani yeye ndiye kocha, akamwambia mambo makali kuhusu watu wanaowaua vijana kwa ujinga, na baba akayasikiliza yote mpaka mwisho, akisema ndiyo, ndiyo. Daktari alipoondoka, baba alimwambia Bawaba kwamba asubuhi zote zile alitaka kusema, kikombe kikiwa mkononi. Lakini angesema mbele yangu. Alikuwa akijiambia kesho, msichana akiwa hayupo, na kila kesho nilikuwepo.

"Rudi kazini ukipenda," akasema. "Ukikataa sitakulaumu, mwanangu."

Bawaba alikuwa ameshikilia kipande cha barafu mdomoni na ilibidi akitoe. "Mimi ndiye niliyemimina ile risasi, mzee. Jumatatu tuitoe. Ikitoka, nitafanya kazi."

Iliyeyushwa Jumatatu, sisi wanne tukiwepo, ikatoka kipande kidogo kama kokwa. Karani yule wa chama alitusaidia kupata mtu wa kupiga muhuri. Siku iliyofuata akaja bibi mmoja aliyeuza makopo kwetu kila wiki. Nilimsomea, akasimama akanitazama, akaniomba nisome upya. Kisha akamwita baba, akamwambia kwa huruma kwamba aiangalie mizani yake, imeharibika, inampa zaidi. Baba alikwenda nyuma ya chungu ya shaba akakaa huko mpaka bibi alipoondoka. Mimi nilichelewa kumsamehe kuliko Bawaba alivyofanya; ilinichukua zaidi ya mwaka, na Mungu anajua kwamba hata sasa, nikiimba kanisani, wakati mwingine nasikia sauti yangu ikiwasomea vikongwe wale.

Bawaba alikaa wiki tatu bila kuniambia lolote kuhusu lile jambo letu. Nikaona haya ni mazito kuliko mabafu, nikamfuata mwenyewe, akiwa kwenye nyundo. Akasema bila kuniangalia kwamba alisema akishinda, na hakushinda.

"Ulisema wewe," nikamwambia. "Mimi nilikubali sharti hilo lini?"

Alizungumza na baba jioni hiyohiyo, akiwa bado na kovu bichi juu ya jicho.

Miezi miwili baada ya hapo alipigana pambano lake la kwanza la uzito mwepesi, ambako mtu anaruhusiwa mpaka ratili mia na thelathini na tano. Karani wa chama alipima, akatazama mara mbili, akamwambia bado ana nafasi ya ratili nne kama anataka. Wakatoka nje. Nilikuwa nimewaletea mayai sita ya kuchemsha na mkate mzima, nikidhani ni ya watu watatu. Alikaa kwenye ngazi za ukumbi, katika jua la mchana, akala yote, taratibu, huku kinyozi akimzunguka na kumsihi abakize hata moja kwa sababu ya tumbo. Hakubakiza. Akapangusa mikono, akasema hajawahi kuingia ulingoni ameshiba, na kwamba yeye mwenyewe ana hamu ya kuona itakuwaje.

Alishinda pambano hilo katika raundi ya tatu. Mungu aliyeniazima mtu yule kwa miaka hamsini na saba amemtaka tena, nami nimemrudishia, ingawa si kwa kupenda.